Mwimbaji Ajisikie Kwanza: Amplifaya ya Bei Nafuu kwa Bendi za Eastlands

Mpishi akizibwa pua, atajuaje kama mchuzi wake umekolea? Ndivyo alivyo mwimbaji apandaye jukwaani asiisikie sauti yake mwenyewe. Atapiga kelele akidhani anaimba, atapanda mahali pa kushuka, na baada ya nyimbo sita koo litakuwa limekauka kama ngozi ya ngoma. Mashabiki watanong'onezana kwamba bendi haijui kazi. Kumbe bendi yaijua kazi sana, ila vyombo vyake vimewasahau wale wanaovitumia.

Jambo hili huonekana kila mwisho wa juma katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Pumwani, mtaa mkongwe wa miaka ya 1920, na Kaloleni ya miaka ya 1940, hadi Buru Buru iliyoanza kujengwa katika miaka ya 1970, na kuendelea Umoja, Kayole na Dandora. Vijana hukusanya pesa kwa jasho, wakanunua au kukodi spika mbili kubwa, wakazielekeza kwa watu. Hapo huona kazi imekwisha. Nyuma ya spika hizo wamesimama waimbaji watatu, mpiga gitaa la solo, mpiga besi na mpiga dramu, na wote hawasikii ila vishindo vya dramu na mwangwi unaorudi kutoka ukutani.

Na mwangwi huo ni adui. Sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde moja. Ikiwa ukuta wa nyuma wa ukumbi uko mita 20 kutoka jukwaani, sauti itakwenda na kurudi mita 40, nayo itamfikia mwimbaji ikiwa imechelewa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa mtu anayeimba rumba ya sauti tatu zilizopangwa, au kijana wa Dandora anayetema maneno kwa kasi juu ya mdundo, huo ni mwendo wa kumpotosha njia kabisa. Ataanza kuufuata mwangwi, na bendi itamfuata yeye, na wimbo utakokotwa kama mkokoteni wenye gurudumu bovu.

Daktari mmoja wa Ufaransa, Étienne Lombard, alieleza mnamo 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila kukusudia. Kujizuia kwa kukaza nia tu ni vigumu. Ndiyo sababu mwimbaji asiyejisikia huharibu koo lake hata kama ni mtu mwenye busara. Dawa yake ni kumrudishia sauti yake masikioni.

SPIKA ZA KUWATAZAMA WAIMBAJI

Wakubwa wa dunia nao walipata taabu hiyo. Tarehe 15 Agosti 1965 kundi la Beatles kutoka Uingereza lilipiga muziki katika uwanja wa Shea, mjini New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Mayowe ya mashabiki yalikuwa makubwa hata wanamuziki wenyewe hawakuweza kujisikia. Katika miaka iliyofuata mafundi walieneza mtindo wa kuweka spika nyingine chini, miguuni pa mwimbaji, zikiwa zimelala kwa pembe na kumtazama usoni. Hizo ndizo tunazoziita monita.

Monita nyingi za kawaida hazina nguvu ndani yake. Ni kabati, spika ya inchi 12 au 15, na twita ya sauti nyembamba. Zinahitaji amplifaya ya kuzisukuma, na hapo ndipo pesa za bendi nyingi hupotea. Kijana huingia dukani Luthuli Avenue, barabara inayojulikana Nairobi nzima kwa maduka ya redio, runinga na spika, akaona sanduku lililoandikwa wati 3000 kwa herufi za dhahabu. Bei yake ni nusu ya ile nyingine iliyoandikwa wati 600. Nani hatachukua ile ya 3000? Lakini wahenga walisema rahisi yaweza kuwa ghali. Hebu basi tuyapime mambo haya pole pole, kwa hesabu ambazo mtu yeyote aliyemaliza shule ya msingi anaziweza.

JAMBO LA KWANZA NI OMU

Kabla ya kuuliza wati, uliza omu. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme. Monita nyingi ni za omu 8. Ukiunganisha monita mbili za omu 8 sambamba kwenye chaneli moja ya amplifaya, yaani waya wa ya kwanza ukaendelea mpaka ya pili, amplifaya huona omu 4. Ukiunganisha nne, huona omu 2. Kadiri omu zinavyopungua ndivyo amplifaya inavyotoa umeme mwingi zaidi, na ndivyo inavyopata moto.

Ni sawa na mfereji wa maji wa pale mtaani. Ukifungulia bomba moja, maji hutoka kwa nguvu ya kutosha. Ukifungulia manne, tangi sharti liwe kubwa. Amplifaya nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa omu 4 tu kwa kila chaneli, na maandishi hayo yako nyuma yake karibu na matundu ya spika. Ukiitwika omu 2 itafanya kazi kwa wimbo mmoja au miwili, kisha itajizima, na ikiwa haina kinga itaungua.

Kuna pia mtego wa kuunganisha chaneli mbili ziwe moja, ambao mafundi huuita briji. Hapo amplifaya hutoa nguvu kubwa, lakini kila upande huuona mzigo kama nusu yake. Spika ya omu 8 huonekana kama omu 4, na monita mbili sambamba huonekana kama omu 2. Kwa kazi ya monita, heri uache briji kabisa. Chaneli mbili zilizo mbali mbali zina faida kubwa zaidi, kama tutakavyoona.

Ikiwa monita haina maandishi, chukua kipimo cha umeme cha fundi na upime kwenye matundu yake. Spika ya omu 8 kwa kawaida husoma kiasi cha 6, na ya omu 4 husoma kiasi cha 3 na kitu. Kipimo hiki huchukua nusu dakika, nacho huokoa mali ya miaka.

WATI ZA KWELI NA WATI ZA SIFA

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wati nazo zimesifiwa mpaka zimetiwa maji. Ile 3000 iliyoandikwa kwenye sanduku huenda ikawa ni nguvu ya chaneli zote mbili pamoja, kwa omu chache kabisa, kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Unachotaka kujua ni wati za kudumu, ambazo hutiwa alama ya RMS, kwa kila chaneli, kwa omu 8 na kwa omu 4. Mtengenezaji mwaminifu huandika hayo waziwazi. Kwa mfano, kampuni ya Crown ya Marekani huiandika amplifaya yake ya XLi 800 kuwa wati 200 kwa omu 8 na 300 kwa omu 4, kila chaneli. Ile ya XLi 1500 ni 330 na 450. Ukikuta chombo kisichotaja omu wala RMS, jua kuna jambo linalofichwa.

Ipo njia nyingine ya kuipima sifa. Tazama fyuzi ya amplifaya. Stima ya Kenya ni ya volti 240. Zidisha volti kwa ampea za fyuzi, utapata nguvu ambayo chombo kinaweza kuivuta kwa muda mrefu. Fyuzi ya ampea 3 ni 3 mara 240, yaani wati 720. Na katika hizo, amplifaya ya mtindo wa zamani yenye transfoma kubwa hupoteza sehemu yake kama joto. Basi chombo kilichoandikwa wati 2000, nacho kina fyuzi ya ampea 3, kitazipata wapi? Fyuzi huvumilia vishindo vya muda mfupi, hilo ni kweli, lakini muziki wa saa sita za usiku si kishindo cha muda mfupi.

Uzito nao husema, ila siku hizi husema kwa lugha mbili. Amplifaya za zamani zenye nguvu ni nzito kwa sababu ya transfoma. Za kisasa za mtindo wa D ni nyepesi sana na bado zina nguvu za kweli, na stima inayopotea ni kidogo. Kwa hiyo wepesi peke yake si hatia. Lakini chombo kilicho chepesi, chenye transfoma ya zamani ndani, na chenye maandishi makubwa nje, hicho ni cha kuachwa dukani.

BENDI YA WATU SITA

Tuchukue mfano. Bendi ina waimbaji watatu mbele, gitaa la solo, besi na dramu. Ina monita nne za inchi 12, kila moja ya omu 8 na wati 200 za kudumu. Kwenye karatasi ya spika imeandikwa kwamba ikipewa wati 1 hutoa desibeli 96 kwa umbali wa mita 1.

Monita mbili ziende mbele kwa waimbaji, chaneli ya kwanza. Mbili ziende nyuma kwa wapigaji, chaneli ya pili. Kila chaneli itaona omu 4. Sasa waimbaji wanaweza kupewa sauti zao peke yake, na mpiga dramu akapewa besi na mwimbaji wa kuongoza. Hii ndiyo faida ya kutofanya briji.

Amplifaya itoe wati ngapi? Wakongwe wa kazi hupendelea amplifaya yenye nguvu mara moja na nusu ya spika, hata mara mbili, ili vishindo vya ghafula vipite bila kukatwa. Kwa monita mbili za wati 200 hiyo ni 600 au zaidi kwa omu 4. Bendi yenye pesa ifuate kanuni hiyo, mradi awepo mtu wa kuchunga vitufe. Lakini bendi ya Eastlands isiyo na pesa isikate tamaa, kwani hesabu ya masikio si sawa na hesabu ya wati.

Ukiongeza wati mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu. Ili sikio liseme kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, wati sharti ziongezwe kiasi cha mara kumi. Linganisha zile amplifaya mbili tulizozitaja. Kubwa itampa kila monita wati 225, na ndogo itampa 150. Tofauti yake haifiki desibeli 2, kiasi ambacho sikio hukitambua kwa shida katikati ya dansi. Monita ya desibeli 96 ikipewa wati 100 hutoa desibeli 116 kwa umbali wa mita 1. Mwimbaji akisimama umbali wa mita 2, hupungua desibeli 6 na kubaki 110. Hizo si kidogo. Hizo ni nyingi mno, kama tutakavyosema hapa chini.

Fundisho ni kwamba karatasi ya spika ina thamani kuliko sanduku la amplifaya. Monita ya desibeli 99 ikipewa wati 100 husikika sawa na ya desibeli 96 iliyopewa wati 200. Anayenunua spika nzuri hununua nusu ya amplifaya bila kujua.

Hata hivyo, iko hatari katika amplifaya ndogo. Ikilazimishwa kupita uwezo wake, ile taa nyekundu ikawa inawaka bila kuzimika, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa. Sauti hukwaruza, na nguvu inayomiminika kwenye spika hukaribia mara mbili ya ile iliyoandikwa. Twita ndiyo hufa kwanza. Kwa hiyo taa nyekundu imulike mara moja moja tu. Ikibaki inawaka, punguza. Na kwenye miksa, bonyeza kile kitufe cha kuondoa masafa ya chini ya hezi 80 au 100 kwa maiki za waimbaji. Sauti ya binadamu haina haja kubwa na ngurumo hizo, nazo ndizo zinazokula nguvu ya amplifaya bure.

VYOMBO VILIVYOKWISHA TUMIKA

Wengi wetu tutanunua chombo kilichokwisha tumika, ama kutoka ng'ambo ama kutoka kwa bendi iliyovunjika. Si aibu. Amplifaya iliyotengenezwa vizuri huishi miaka mingi. Lakini kuuliza si ujinga, na kupima ni bora kuliko kuuliza.

Kwanza, soma volti. Chombo kilichotoka Marekani huenda kikawa cha volti 120. Ukikichomeka kwenye stima yetu ya 240, kitatoa moshi kabla hujatoa neno. Vingine vina swichi ndogo nyuma ya kubadilisha, vingine havina.

Pili, kabla ya kuunganisha spika, washa amplifaya bila muziki, kisha pima volti za moja kwa moja kwenye matundu ya spika. Kipimo kisome karibu na sifuri, yaani chini ya sehemu ya kumi ya volti. Kikisoma volti nyingi, transista ya kutolea nguvu imekufa, na spika yoyote utakayounganisha itaungua koili mara moja.

Tatu, sikiliza feni na unuse. Vumbi la Nairobi huziba feni na mapezi ya kupoozea, na chombo kilichowahi kuungua huacha harufu isiyoisha. Nne, kipige muziki kwa saa moja nzima, chaneli zote mbili, kikiwa na monita ulizokusudia. Muuzaji anayekataa jambo hilo amekwisha kukujibu.

Fundi hodari ana hila moja nzuri. Amplifaya iliyotoka kutengenezwa haichomeki moja kwa moja kwenye stima, bali huiunganisha kupitia balbu ya zamani ya waya ya wati 100. Ikiwa ndani kuna kasoro, balbu huwaka kwa nguvu na chombo husalimika. Ikiwa ni salama, balbu hung'aa kidogo kisha hufifia. Uliza fundi wako kama anafanya hivyo. Asipofanya, tafuta mwingine.

AMPLIFAYA YA MATATU

Eastlands ndiyo nyumbani kwa matatu zenye muziki wa kutetemesha madirisha, na mafundi wa kazi hiyo ni wengi. Basi hutokea bendi ikashawishika kutwaa amplifaya ya gari na kuipeleka jukwaani. Ni chombo kizuri mahali pake. Lakini kinataka umeme wa betri wa volti 12. Ili kitoe wati 500, kitavuta zaidi ya ampea 40 hata kama hakuna kinachopotea njiani, na kifaa cha kubadilisha stima ya ukutani kuwa umeme huo kwa wingi namna hiyo hugharimu pesa ambazo zingenunua amplifaya ya jukwaa. Juu ya hayo, spika za gari nyingi ni za omu 4, hivyo mbili sambamba ni omu 2. Mwache kondakta na chombo chake.

Swali jingine ni hili: kwa nini tusinunue monita zenye amplifaya ndani yake? Zimeenea sana siku hizi, na kwa bendi inayoanza bila kitu zaweza kufaa, kwani mtengenezaji amekwisha kulinganisha spika na nguvu yake. Lakini kila moja inahitaji waya wa stima na waya wa sauti mpaka miguuni pa mwimbaji, mahali pa kumwagikiwa soda na bia. Ikiharibika, huharibika yote. Kwa mwenye monita kavu tayari, au anayeweza kuchongewa makabati na seremala wa jua kali, amplifaya moja ya chaneli mbili iliyowekwa mbali na jukwaa bado ndiyo njia ya unafuu.

WAYA MWEMBAMBA HULA PESA

Baada ya kununua, watu hufunga monita kwa waya wa taa. Hasara hiyo haionekani kwa macho, lakini ipo. Waya wa shaba wa milimita 0.75 za mraba, ukivutwa mita 20 kutoka amplifaya hadi monita, una ukinzani wa karibu omu 1 kwenda na kurudi. Kwa mzigo wa omu 4, theluthi moja ya nguvu uliyolipia hukosekana kwenye spika. Waya wa milimita 2.5 za mraba hupoteza kiasi cha sehemu moja ya nane tu. Kwa hiyo ongeza unene wa waya kabla ya kuongeza wati, au isogeze amplifaya karibu.

Na stima yenyewe iheshimiwe. Plagi yetu ina pini tatu, na ile ndefu ni ya ardhi. Mara nyingi, vyombo vikivuma, mtu huikata waya wa ardhi ili uvumi ukome. Uvumi hukoma kweli, na siku hitilafu ikitokea, maisha ya mwimbaji aliyeshika maiki ya chuma hukoma pia. Unganisha vyombo vyote vya jukwaani kwenye soketi za mahali pamoja na uache ardhi ifanye kazi yake.

ULE MLUZI

Hakuna kinachokera kama ule mluzi unaokata masikio katikati ya wimbo. Wengi hudhani amplifaya ni mbovu. La, sauti ya monita imeingia tena kwenye maiki, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia tena. Amplifaya kubwa haiponyi ugonjwa huu, bali huuzidisha.

Dawa ya kwanza ni mahali. Maiki ya kawaida ya mwimbaji, kama ile SM58 ya kampuni ya Shure iliyotoka mwaka 1966, haisikii vizuri kwa nyuma yake. Monita basi ikae mbele ya mwimbaji moja kwa moja, nyuma ya maiki ikiitazama. Maiki za aina nyingine zenye kusikia kwa wembamba zaidi zina uziwi wake pembeni kidogo, kwa hiyo monita hupelekwa upande. Mwimbaji naye asiifumbate maiki kichwani kwa kiganja, kwani akifanya hivyo huufuta uziwi huo wote.

Dawa ya pili ni ikwalaiza ya vitufe 31 kati ya miksa na amplifaya. Ongeza sauti pole pole kabla watu hawajaingia, mluzi ukianza tafuta kitufe chake, ukishushe kidogo, kisha endelea. Ukishusha vitatu au vinne, waimbaji watapata sauti nyingi zaidi kuliko ambayo wangeipata kwa kununua amplifaya ya nguvu mara mbili. Ndiyo sababu bendi yenye pesa kidogo yafaa ichukue amplifaya ya kadiri, na salio likanunue ikwalaiza na waya mzuri.

MASIKIO NA MAJIRANI

Tulisema desibeli 110 ni nyingi mno. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mfanyakazi asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda upunguzwe nusu. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2022, liliweka wastani wa desibeli 100 kuwa kikomo cha kumbi za burudani. Mwanamuziki aliyepoteza masikio amepoteza mkate wake, na hakuna fundi wa Luthuli awezaye kumrudishia. Mwanzo mwema ni mpiga dramu kupunguza mkono na gitaa kupunguza kelele, ndipo monita zifunguliwe.

Majirani pia ni watu. Mwishoni mwa 2022 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyomo katika mitaa ya makazi, baada ya malalamiko ya kelele. Bendi inayojisikia vizuri jukwaani haina haja ya kupasua spika za nje ili ijisikie kupitia ukuta wa jirani. Monita zikipangwa vyema, hata mama mwenye mtoto mchanga ghorofani hupata nafuu.

MWENYE VYOMBO NDIYE MWENYE BENDI

Mwisho, tuseme neno juu ya umiliki, kwa maana hapo ndipo penye uzito wa mambo yote haya. Katika muziki wa dansi wa Afrika ya Mashariki, mara nyingi aliyekuwa na vyombo ndiye aliyekuwa na bendi. Tanzania, NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Hapa Kenya, Maroon Commandos iliyoundwa 1970 ni bendi ya jeshi. Wengine walipigia vyombo vya wenye mabaa. Mwanamuziki alikuwa na kipaji chake, lakini akikosana na mwenye vyombo, hutoka mlangoni na mikono mitupu.

Kijana wa Jericho au Kariobangi anayekodi vyombo kila wiki yuko katika hali iyo hiyo. Sehemu ya malipo huenda kwa mkodishaji kabla yeye hajala, na vyombo avipatavyo ni vile vilivyobaki. Chama, ule mtindo wetu wa kuchangishana kila juma, waweza kumtoa hapo. Wanabendi sita wakichanga kidogo kidogo, amplifaya moja ya kweli na monita mbili zitapatikana, kisha mbili nyingine. Lakini waandike karatasi tangu siku ya kwanza: nani ametoa kiasi gani, chombo kinalala nyumba ipi, na mtu akiondoka atalipwaje. Bendi nyingi zimevunjika juu ya neno ambalo halikuandikwa.

Basi atakayekwenda mjini Jumamosi hii aende na kipimo cha umeme mfukoni, karatasi yenye omu za monita zake, na mwenzake mmoja wa kumzuia asivutwe na herufi za dhahabu. Aulize katika maduka matatu kabla ya kufungua mkoba. Wimbo wa Eastlands hauna upungufu wa waimbaji. Wanachokosa ni kusikia wanachoimba.